Ndege, vipepeo na vyura uani kwako: mwongozo wa mwaka mzima kwa wakazi wa Moshi

Wiki haipiti bila mtu kusimama getini kwangu na kuuliza lilelile: "Hivi hawa ndege unawapa nini?" Jirani wa nyuma anaamini nawamwagia mtama usiku. Fundi aliyekuja kurekebisha bomba alitaka kujua kama kuna dawa. Shemeji yangu wa Arusha ameshanunua maua ya kila rangi na bado analalamika kwamba kwake hutua kunguru tu. Nimechoka kujibu kwa mdomo, basi naandika mara moja, anayetaka asome.

Jibu fupi ni kwamba siwapi kitu. Nawawekea maji, kuna kona siifagii, sipigi dawa, na nimehakikisha hakuna mwezi ambao uani kwangu hakuna kinachochanua wala kuiva. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Mtu anapanda kila kitu Aprili, bustani inapendeza hadi Juni, halafu Septemba inabaki mavumbi, naye anashangaa ndege wamekwenda wapi. Wamekwenda kwa jirani mwenye aloe na bomba linalovuja.

Kiwanja changu ni hatua 20 kwa 25, upande wa juu wa mji, na nyumba imekula nusu yake. Usiniambie huna nafasi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Beseni pana la kina kifupi, sinia la udongo, au mfuniko wa pipa. Sufuria iliyotoboka ukaiziba kwa saruji inafaa sana.
- Mawe bapa ya mtoni, manne au matano.
- Kona ya hatua 2 kwa 3 ambayo hakuna mtu atakayeigusa.
- Miche na vipando. Vingi utaomba kwa majirani. Vichache utanunua kwenye vitalu vya kando ya barabara.
- Vipande vya mianzi mikavu na kamba.
- Daftari na kalamu.
- Makubaliano na wa nyumbani. Kama umepanga, zungumza kwanza na mwenye nyumba. Kama una msaidizi wa kazi, mweleze mapema, maana yeye ndiye mwenye fagio.

Pesa utakayotumia ni ya miche na nauli.

Hatua ya 1: Kaa utazame wiki moja

Usinunue chochote kwanza. Amka saa 12 asubuhi, chukua chai yako, kaa kibarazani nusu saa. Rudia saa 11 jioni. Andika nani anapita, anatua wapi, anakula nini. Hata kwenye uwanja wa saruji tupu utaona shore (yule wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia), tetere, shomoro, na mjusi ukutani. Ukiwa karibu na Rau au upande wa Kibosho, unaweza kuona hondohondo wakipita juu kwa kelele za mbawa zao kabla hujasikia sauti zao.

Wiki hii inakupa mambo mawili: njia wanayopita, na adui zao. Paka wa nani analala wapi? Kuku wanachakura wapi? Ukishajua hayo, hutaweka beseni la maji mdomoni mwa paka, kama nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza. Nililiweka chini ya kichaka kizuri cha haibiskasi, kivuli safi kabisa, na paka wa jirani akafanya pale ndipo hoteli yake. Nilikuja kuelewa siku nilipookota manyoya ya njano.

Hatua ya 2: Weka maji

Ukifanya hatua moja tu katika mwongozo huu, ifanye hii.

1. Chagua mahali pa wazi, hatua 2 au 3 kutoka kwenye kichaka au mti. Ndege anataka kuona adui akija, na anataka tawi la kukimbilia akiwa amelowa.
2. Inua beseni juu ya tofali tatu nne au kisiki, kwa ajili ya paka.
3. Jaza maji kina cha sentimita 3 hadi 5 tu. Tetere hazamii, na chiriku hawezi kuoga kwenye ndoo.
4. Panga mawe bapa yachomoze juu ya maji. Nyuki na vipepeo hunywa wakiwa wamesimama, na bila mawe watazama.
5. Mwaga na kusugua kila siku ya pili au ya tatu. Bila sabuni. Mchanga na kitambaa vinatosha.

Hiyo namba 5 si ya hiari. Mbu anahitaji kama wiki moja au zaidi tangu yai hadi kuruka. Ukimwaga maji kila baada ya siku mbili tatu, hapati nafasi hiyo. Maji ya kumwaga yapeleke kwenye mgomba, usiyatupe.

Wakati wa masika beseni halina kazi kubwa, maji yako kila mahali. Ni Januari na Februari, na tena Septemba na Oktoba, ndipo foleni inaanza. Utaona pia kitu ambacho nilidhani ni ajabu ya uani kwangu peke yake: chozi, yule ndege mdogo anayeng'aa mwenye mdomo uliopinda, hapendi sana beseni. Anaoga kwenye jani. Nikinyunyizia mgomba maji asubuhi, anakuja, analala kifudifudi kwenye jani lililolowa, anateleza kutoka kwenye uti hadi ukingoni huku mbawa zinatetemeka, anaruka, anarudi juu, anateleza tena. Kwa hiyo ukiwa na mgomba na kopo la maji, umeshamjengea bafu.

Walio vijijini ambako mfongo, ule mfereji wa asili wa maji, bado unapita, nyinyi mna bahati. Acheni sehemu ya ukingo iwe na majani, na sehemu ndogo iwe tope tupu. Mbayuwayu na nyigu wa udongo huchukua tope la kujengea, na vipepeo hukusanyika kunyonya chumvi.

Hatua ya 3: Acha kufagia kona moja

Hapa ndipo penye ugomvi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwetu uwanja uliofagiliwa alfajiri, ukabaki na mistari ya fagio, ndiyo heshima ya nyumba. Mgeni akikuta majani makavu haulizi kuhusu vipepeo, anauliza kimoyomoyo mwanamke wa nyumba hii ana shida gani. Mama mkwe atakaa kimya, lakini ule ukimya utausikia hadi Desemba ukoo mzima utakapopanda kuja Krismasi.

Sasa tazama chini ya majani hayo. Funua kwa kijiti: jongoo, mende wa porini, buibui, mayai ya konokono, minyoo. Hiyo ndiyo sahani ya chura, ya kinyonga mdogo, na ya wale ndege wanaoruka ruka chini wakipekua. Ukifagia kila siku, unapanguza meza kabla wageni hawajala.

Ujanja wangu ni huu. Nimeizungushia kona yangu masale. Masale yana adabu yake Uchagani: ndiyo mipaka ya vihamba (mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba), na ndiyo jani la kuombea msamaha. Hakuna mzee atakayeyang'oa wala kumwaga taka ndani yake. Kona iliyozungushiwa ni bustani, na isiyozungushiwa ni uvivu, ingawa ndani ni majani yaleyale. Tena masale yakichanua, maua yake hunukia usiku na nondo huyafuata.

Ndani ya kona weka:

1. Majani makavu, unene wa kiganja.
2. Gogo moja au mawili yanayooza.
3. Rundo la mawe lenye matundu, kwa mijusi.
4. Kigae au chungu kilichovunjika, kimefunikwa kwenye kivuli, kwa chura.

Onyo: kona hii isiwe mlangoni wala chini ya dirisha la chumba cha kulala. Iweke mbali na nyumba kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na njia ya kupita iendelee kufagiliwa. Nitarudi kwenye suala la nyoka, najua ndilo unalofikiria.

Hatua ya 4: Acha dawa

Huwezi kupulizia kila mdudu halafu ukauliza ndege wako wapi. Hata chozi, ambaye tunamjua kwa kunyonya maua, hulisha makinda yake wadudu na buibui.

Wadudu mafuta kwenye sukumawiki waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, au majivu. Mwarobaini uliotwangwa na kulowekwa nao unasaidia, lakini usinyunyize mchana maua yakiwa yamefunguka na nyuki wako kazini. Nyunyiza jioni.

La hatari zaidi ni sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Anatembea kwa kulegea, na bundi au paka akimla, naye anaumia. Bundi mmoja anakula panya wengi kuliko mtego wako, na mambo ya uchawi tumwachie mwenye muda nayo. Tumia mtego wa waya, na funika mahindi.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Niliajiri kijana anipalilie, nikasafiri siku mbili. Alipoona viwavi kwenye ndimu akanifanyia wema: alipulizia mti mzima na mabaki ya dawa aliyotoka nayo shamba lingine. Nilirudi nikakuta uwanja kimya. Si ndimu peke yake, hata kona ya masale. Ilichukua masika mazima kurudi. Mweleze kila anayeshika jembe kwako, na mweleze mara mbili.

Hatua ya 5: Panda kwa kufuata kalenda

Fungua daftari, andika miezi 12, na mbele ya kila mwezi andika kinachochanua au kuiva kwako. Penye pengo ndipo pa kupanda. Tuende msimu kwa msimu. Wa Arusha mko juu zaidi yetu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi yenu ni ya kweli, kwa hiyo sogeza tarehe kidogo.

*Masika, Machi hadi Mei.* Huu ndio wakati wa kupanda kila cha kudumu, mvua ikishalainisha udongo. Mwenye kiwanja kikubwa apande mringaringa, maana maua yake meupe hujaa nyuki, au mtalawanda wa maua ya njano. Mwenye kiwanja kama changu apande hivi:

- *Mforosadi.* Kata tawi la urefu wa mkono, chomeka nusu ardhini, basi. Unazaa mapema kuliko mti mwingine wowote nilionao, na matunda yanaanguka kila siku. Shore hawatoki. Usiupande karibu na kamba ya nguo, doa lake halifutiki.
- *Ndimu au mlimau.* Kwa ajili ya kipepeo, nitaeleza.
- *Aloe.* Ng'oa machipukizi kwa mwenzio. Ile ya kienyeji yenye maua mekundu au ya chungwa ndiyo ninayoipendelea.
- *Haibiskasi* nyekundu, ya maua ya safu moja. Yale yaliyofungamana kama kabichi yanapendeza macho yako, lakini mdomo wa chozi unahangaika kuyaingia.
- *Mpesheni* kwenye uzio. Maua yake huchavushwa na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, ambaye watu humwua wakidhani ana nia mbaya.

Vyura nao huanza usiku wa mvua za kwanza. Ukiwa na beseni kubwa la zamani, lizike ardhini, weka jiwe la kupandia, na jani la gimbi kando yake. Usiweke samaki kama unataka viluwiluwi, samaki huwala.

*Baridi, Juni hadi Agosti.* Mlima unajificha siku nzima nyuma ya mawingu, wadudu wanapungua, na bustani nyingi zinalala. Aloe ndiyo inaamka. Nina mashina saba kando ya ukuta, na mwezi wa Julai chozi wa kifua chekundu anayalinda kama duka lake. Chozi mwingine akitua, anafukuzwa hadi barabarani.

Kazi yako msimu huu ni kuacha. Acha mchicha uliokomaa usimame hadi ukauke. Acha vichwa vitatu vya alizeti. Acha mtama uliojiotea. Chiriku na ndege wengine wadogo wala mbegu watavipukutisha wenyewe. Unayeng'oa mchicha mkavu kwa sababu "umechakaa" unang'oa ghala lao.

*Kiangazi cha Septemba na Oktoba.* Mavumbi. Hapa maji ni kila kitu. Mijakaranda ya mjini inaanza kuchanua, migrivea nayo, na nyuki wanashinda huko. Miti hii yote ni ya kuja, jakaranda asili yake Amerika ya Kusini na mgrivea Australia, lakini ikishakuwepo sioni sababu ya kuikata. Ukiwa na nafasi, panda mwamba-ngoma, wetu wa asili: unapukutisha majani, halafu unawaka maua mekundu ukiwa mtupu. Ni wa miiba, usiuweke watoto wanapochezea. Mbayuwayu kutoka Ulaya nao wanaanza kufika majira haya, na watakuwa nasi hadi Machi, Aprili.

*Vuli, Novemba na Desemba.* Dudumizi akianza kuguna kichakani, wazee husema mvua ipo njiani. Sijafanya hesabu, ila mimi huanua nguo. Mvua ya kwanza ikikatika, kumbikumbi wanatoka, na hiyo ndiyo sikukuu: ndege, vyura, mijusi, kuku, na watoto wenye bakuli, wote wanagombania. Huu ni msimu wa pili wa kupanda, lakini ni mfupi. Panda maua ya muda mfupi na mboga, miti isubiri Machi.

*Januari na Februari.* Jua kali, hasa kwa walio upande wa chini wa mji. Maembe na mapapai yanaiva. Acha matatu manne ya juu kabisa ambayo hata hivyo usingeyafikia bila ngazi. Maji kila siku.

Na mgomba? Mgomba ni wa misimu yote. Ua lake, lile linaloning'inia kama moyo wa zambarau, lina maji matamu. Mchana anakuja chozi, usiku anakuja popo. Wengi hulikata mapema. Liache kwenye mgomba mmoja au miwili. Lakini kama eneo lenu lina ugonjwa wa mnyauko wa migomba, likate kama wataalamu wa kilimo wanavyoshauri, kwa sababu wadudu hubeba ugonjwa huo kupitia ua hilo.

Ukiangalia vizuri, yote haya ni kihamba cha bibi kwa udogo: miti mirefu juu, migomba, kahawa, halafu magimbi na maharage chini. Kila ghorofa ina wapangaji wake. Tuliohamia mjini tuliacha ghorofa ya juu na ya chini, tukabaki na ukoka.

Hatua ya 6: Toa malazi

1. Tawi kavu lisilo juu ya paa wala njia, liache. Ndege wala nzi hutumia kama kituo, na kigong'ota hutoboa.
2. Kata mianzi vipande vya sentimita 15 hadi 20, upande mmoja uzibwe na kifundo. Chagua yenye tundu la unene wa penseli. Funga kumi pamoja, ning'iniza chini ya upenu penye jua la asubuhi. Nyuki wapweke, wasio na mzinga, watataga humo na kuziba kwa udongo.
3. Usipogoe miti Machi hadi Mei bila kuchungulia. Minana wanasuka, na kiota cha chozi kinafanana na uchafu uliokwama kwenye utando, kifuko kidogo kinachoning'inia.
4. Zima taa ya nje ukilala, au weka ndogo ya njano. Nondo wanaozunguka balbu usiku kucha asubuhi ni maiti.

Mzinga wa nyuki wanaouma usiuweke uani penye watoto na mifugo. Hao wapeleke shamba.

Hatua ya 7: Chakula cha mezani, kwa uchache

Mkate, wali na ugali vinaleta kunguru na panya. Ukitaka kabisa kuwapa kitu, chomeka ndizi mbivu iliyochanwa kwenye kijiti asubuhi, uitoe jioni. Ukiisahau, saa 3 usiku atakuja komba, macho kama tochi, na kesho yake atakuja na ndugu.

Tumbili usimpe kitu hata mara moja. Akishajua mkono wako una chakula, atauchukua hata ukiwa umeshika mtoto.

Watu wameona kwenye runinga vile vichupa vya maji ya sukari na kunitaka niwanunulie. Yule anayekunywa humo ni ndege wa bara la Amerika, kwa Kiingereza "hummingbird", hayupo Afrika, na chozi si ndugu yake ingawa wanafanana. Maji ya sukari kwenye joto la Moshi huchacha haraka. Panda aloe.

Na usikamate. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kukamata wala kufuga mnyama au ndege wa porini bila kibali, hata akiwa mdogo, hata mtoto akilia.

Matatizo yanayoulizwa sana

*Mwezi umepita na hakuna kitu.* Angalia maji yako kwanza: yana kina gani, paka yuko wapi, yamemwagwa lini. Kisha subiri mvua. Bustani iliyoanza Agosti huonyesha matunda yake Aprili.

*Viwavi wamemaliza ndimu.* Sogea karibu kabla ya kukasirika. Kiwavi mdogo anafanana kabisa na mavi ya ndege, kahawia na doa jeupe. Akikua anakuwa kijani. Mguse kwa kijiti: atatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali ya kufukuza. Huyo atakuwa kipepeo mkubwa mweusi wa madoa ya njano. Mche mdogo mwondolee, umhamishie mti mkubwa. Mti mkubwa hauuawi na viwavi kumi. Mimi nina ndimu mbili, moja yangu na moja yao.

*Nyoka.* Nyoka hafuati majani, anafuata panya na vyura. Toa chakula cha panya, weka kona mbali na nyumba, fyeka ukanda kati ya kona na mlango, vaa viatu usiku na shika tochi. Ukimwona, simama, rudi nyuma, mwache aende. Usimpige na fimbo fupi. Wengi hugongwa kwa kumkanyaga au kumgusa bila kumwona, usijiongezee hatari kwa kumfuata.

*Kinyonga.* Hana sumu na hajawahi kumlaani mtu. Walio milimani wanaweza kubahatika kumwona dume wa pembe mbili puani, na upande wa Mlima Meru yuko wa pembe tatu. Mwache atembee.

*Ndege anagonga kioo cha gari kila asubuhi.* Anapigana na kivuli chake. Vika kioo soksi kuukuu. Jirani zako watacheka wiki moja.

*Shore wanakula mapapai yote.* Funika yale unayoyataka kwa mfuko wa karatasi au kipande cha kiroba yakianza kugeuka rangi, mengine waachie.

*Kunguru wamejaa.* Funika taka, toa mabaki ya chakula, funga jalala. Panda vichaka vizito vya miiba kwenye uzio ili ndege wadogo wapate pa kujificha. Usichague minyaa: utomvu wake ni hatari kwa macho. Na lantana usiongeze, ndege hutawanya mbegu zake hadi msituni.

*Siafu.* Fungua banda, hamisha kuku na mbwa, waache wapite. Mara nyingi ni suala la siku moja au mbili, na wakiondoka hutakuta mende nyumbani.

*Popo darini.* Usiwashike kwa mikono mitupu. Tafuta tundu wanalotokea jioni, na lizibe usiku wakishatoka wote. Kama unasikia vitoto vinalia, subiri vikue, la sivyo utabaki na harufu ambayo hutaisahau.

*Vyura wanapiga kelele usiku kucha na mtoto halali.* Hili limenishinda. Nilijaribu kuhamisha beseni hadi ukutani, wakahama nalo. Mke wangu alihamia chumba cha mbele na mtoto, mimi nikabaki na vyura, na mwezi wa Juni baridi ilipoingia wakanyamaza wenyewe.